Asante, dada wa Oginga Odinga Street

Dada, jina sikukuuliza, kwa hivyo nakushukuru hapa hadharani. Mfumo wa kompyuta uliposasishwa, skrini yangu ya kuchorea ilibaki na picha safi, ila kalamu haikuandika chochote. Fundi mmoja hapa Kisumu alikwisha kunitangazia kwamba skrini imekufa (wengine ni wepesi wa kuzika!). Wewe ukanionyesha kuwa picha hupita waya wa HDMI na kalamu hupita waya wa USB, hivyo tatizo huenda ni programu tu. Ukaondoa draiva ya zamani (programu inayoiunganisha kalamu na kompyuta), ukaweka mpya, ukaingia mipangilio ya faragha ukaipa ruhusa upya. Kalamu ikashika papo hapo, na kadi za harusi za mteja wa Kondele zikatoka. Pesa ulikataa. Basi ukipita Dunga nitafute, ngege wa kukaanga ni juu yangu.