Kompyuta haioni mzio ulioandikwa pasipo mahali pake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie suala la kliniki kuacha mafaili ya karatasi na kuhamia kwenye kumbukumbu za kielektroniki. Wengi husifu kwamba foleni ya mapokezi itapungua na faili halitapotea tena. Ni kweli, lakini faida kubwa zaidi huonekana pale daktari anapoandika dawa.

Chukua mgonjwa mwenye mzio wa penisilini. Kwenye karatasi, onyo huandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada. Jalada likichakaa na kubadilishwa, onyo nalo limekwenda. Mfumo mzuri humzuia daktari palepale anapochagua amoksilini, kwa kuwa umeelekezwa kwamba dawa hiyo ni ya kundi la penisilini. Sharti ni moja: mzio uwe umechaguliwa kwenye orodha ya mizio. Ukichomekwa katikati ya maelezo marefu ya homa na kikohozi, kompyuta haiuoni, na amoksilini inapita bila kipingamizi. Kununua mfumo kisha kuutumia kama daftari ni kupoteza fedha na kuhatarisha watu.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Akiongezewa metronidazo, dawa ya kuua bakteria, hatari ya kuvuja damu hupanda. Mfumo utaonya ikiwa tu warfarini imo kwenye orodha ya dawa zake, hata kama aliandikiwa kwingine. Kwa hiyo aulizwe kila anapokuja: nyumbani unatumia dawa gani?

Kwa watoto, kila kitu hutegemea uzito. Mtoto wa kilo 12 akipewa parasetamo kwa miligramu 15 kwa kilo, anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Muuguzi akigeuza tarakimu akaandika 21, mfumo utakokotoa takriban mililita 13 bila kusita. Uwekewe mipaka ya uzito kwa umri, na ukatae kipimo cha mwezi uliopita, maana watoto hukua.

Onyo likizidi nalo ni tatizo. Mfumo unaopiga kelele kwa kila jambo dogo humzoesha daktari kubonyeza “endelea” bila kusoma, na lile la hatari hupita pamoja na mengine. Yabaki makali tu, na mfamasia ashirikishwe kuyachagua.

Makosa mengine huanzia mapokezi. Yusuf, Yusufu na Yussuf wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye mafaili matatu, na mzio wake umo katika moja tu. Kabla ya kufungua faili jipya, mtafute mgonjwa kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, si kwa jina peke yake.

Kuhusu mafaili ya zamani, msihangaike kupiga picha kila ukurasa. Mfumo hauwezi kutoa onyo kutokana na picha. Mgonjwa anaporudi, ingizeni mambo matano: mizio, magonjwa ya kudumu, dawa za sasa, chanjo na majibu ya vipimo vya karibuni. Wekeni pia siku ya kuacha karatasi. Kuandika kote kuwili kwa miezi huzaa kumbukumbu mbili zinazopingana, na hakuna ajuaye ya kuamini.

Kila mtumishi awe na nywila yake. Wote wakiingia kwa jina moja, haijulikani nani alibadilisha dozi wala nani alichungulia siri ya mgonjwa.

Nakala rudufu ya kumbukumbu zote ichukuliwe kila usiku, moja ikae nje ya jengo, na kila mwezi ijaribiwe kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine, kwani nakala mbovu hugundulika siku seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, inapokufa. Umeme ukikatika, kila chumba kiwe na fomu chache za karatasi zenye sehemu ya mzio, uzito na dawa, na zote ziingizwe kwenye mfumo kabla ya zamu kubadilishana.