Wanawake wa bangili

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku Chandigarh, India. Mimi mzima, ila masomo yananipeleka puta. Hofu ni kwako na mafundi wako wanaovunja marumaru kila uchao.

Jumapili nilikukumbuka sana. Kuna bustani hapa inaitwa Rock Garden, karibu na ziwa Sukhna. Usidhani ni maua, ni sanamu, chungu nzima, na nyingi zimeundwa kwa vifusi na takataka za mji wenyewe: masinki, soketi za umeme, vyungu, mapipa ya lami. Mji huu aliuchora msanifu majengo Le Corbusier miaka ya 1950, barabara zimenyooka mpaka zinachosha, na ili ujengwe vijiji vilibomolewa. Aliyeiunda bustani hiyo, Nek Chand, alikuwa mkaguzi wa barabara serikalini. Akawa anaokota mabaki, anayabeba kwa baiskeli hadi msituni, mahali palipopigwa marufuku kujengwa chochote, na akitoka kazini anaunda watu wake. Alifanya hivyo kwa siri miaka na miaka!

Walipokuja kumgundua miaka ya 1970, kwa sheria ilikuwa ni kubomoa tu. Lakini watu walishaanza kumiminika kutazama, wakubwa wakalegea, 1976 bustani ikafunguliwa rasmi. Naye akapewa mshahara wa kuiendeleza na vibarua kama 50. Nionyeshe bosi wa hivyo huko kwetu.

Mimi niliganda kwa wanawake wa bangili. Wamejipanga safu kama wanaosubiri bibi harusi atoke. Toka shingoni hadi miguuni wamevishwa vipande vya bangili za kioo, vyekundu, vya kijani, vilivyochomekwa kwenye saruji ingali mbichi, kimoja kimoja. Nyuso ni saruji tupu, hazicheki wala hazinuni. Upande wa wanyama, tandiko la baiskeli limekuwa kichwa, na uma wa gurudumu umekuwa miguu.

Upande wa mbele zaidi, wenye mabembea na maporomoko ya maji, haukunivutia. Mkubwa mno, kelele tupu. Kule mwanzoni milango ni mifupi, unainama ndipo upite, na hapo ndipo penyewe.

Sasa nakuomba, zile ndoo za marumaru za bluu zilizovunjika usizimwage. Nikija likizo tunaanza na ukuta wa uani kwa mama. Saruji nanunua mimi, mchanga utajua wewe.

Msalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Rehema