Asilimia mmezipeleka wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu habari mliyoipa kichwa "Kiangazi cha moto chaja bondeni". Nimeisoma mara mbili nikitafuta namba, sikuona hata moja.

Wataalamu wa hali ya hewa hawasemi "chaja". Huchukua kumbukumbu za miaka 30, kwa sasa ni 1991 hadi 2020, wakazigawa mafungu matatu yaliyo sawa: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Kabla hata hawajatazama joto la bahari, ambalo huegemeza msimu upande mmoja, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Tuseme joto la juu ya wastani limepewa asilimia 45. Mizani imeinama, lakini katika misimu mia ya namna hiyo, 55 haitaangukia fungu hilo. Nyinyi mkishafuta namba, mkulima anabaki na "chaja" yenu, na kisipokuja anasema watabiri ni waongo. Nimeyasikia hayo mara nyingi, na simlaumu.

Halafu mwelekeo wa msimu, yaani utabiri huo wa asilimia kwa miezi mitatu, huchorwa kwa eneo pana, wakati bonde lina tabia zake. Upepo ukishaacha mvua upande wa pili wa mlima, hutushukia mkavu, na hewa kavu inayoshuka huongezeka joto karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja ya kimo. Siku hizo tunazijua: unaanika nguo ya mwisho, ya kwanza imeshakauka kau. Kijiji cha Lytton nchini Kanada kiko bondeni, pale mto Thompson unapoungana na Fraser. Tarehe 29 Juni 2021 joto lilifika pale nyuzi 49.6 za Selsiasi, rekodi ya nchi nzima, na kesho yake moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji. Mwelekeo wa miezi mitatu hauwezi kukutajia siku kama ile. Hiyo ni kazi ya utabiri wa siku chache, ambao nyinyi mnaubana kwenye kona ya ukurasa wa mwisho, chini ya chemshabongo.

Kinachonikera zaidi, mmeacha kile ambacho hakihitaji kubashiriwa. Jua likipiga udongo wenye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Udongo ukiwa mkavu, nguvu hiyo hupasha hewa. Kwa hiyo bonde linaloingia kiangazi udongo ukiwa umeshapasuka limeanza na deni, na deni hilo linapimika leo. Hata theluji ya milimani, kwa mito inayoitegemea, hupimwa mapema. Mwaka 2022 milima ya Alps ilipata theluji haba, na kiangazi kilipofika mto Po huko Italia ulishuka hadi maji ya chumvi yakapanda kutoka baharini na kuingia kwenye mikono yake.

Mto nao una ucheleweshaji wake. Mwaka 2018, kipimo cha maji cha Kaub, kwenye mto Rhine huko Ujerumani, kilionyesha sentimita 25 mwezi Oktoba, jua kali likiwa limeshasahaulika na meli za mizigo zikipita nusu tupu. (Kipimo si kina chote cha maji, wasomaji wasidhani walikuwa wanavuka kwa miguu.) Gazeti linaloandika kiangazi mwanzoni mwa msimu kisha likanyamaza linaikosa nusu ya habari.

Watu wa zamani walikuwa makini kutuzidi. Huko Děčín, mji wa Cheki kwenye mto Elbe, kuna jiwe linaloonekana maji yakishuka sana tu. Walichonga humo miaka ya ukame, 1616 ikiwamo, na maneno ya Kijerumani yanayosema: ukiniona, lia.

Sisi hatuhitaji kuchonga. Chini ya daraja kuna nguzo ya vipimo yenye mistari na namba ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma. Mtumeni mwandishi akaisome kila Jumatatu, muichapishe namba hiyo ukurasa wa kwanza, pamoja na asilimia zote tatu kama zilivyotolewa, mpaka mvua zirudi.

Msomaji wenu,
Mkazi wa bondeni