Wivu wa dirishani

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika juma lililopita kwamba maneno ya kukopa yanakichafua Kiswahili. Imeniuma, kwa sababu nimeishi miaka minne ndani ya lugha nyingine iliyojaa mikopo, Kipolandi, na sikuona uchafu.

Nilikuwa nasoma Łódź, mji wa Polandi, na chumba nilichopanga kilitazama mashariki. Mwezi Juni jua la kule huchomoza saa kumi na kitu alfajiri. Nilipolalamika kwamba silali, mama mwenye nyumba alikuja dirishani, akavuta kamba, vibao vyembamba vya alumini vikageuka vyote kwa pamoja, giza likaingia. "Żaluzja," akaniambia. Hutamkwa kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo sisi.

Neno hilo ni jalousie la Kifaransa, na kwa Wafaransa maana yake ya kwanza ni wivu. Nao walifuata gelosia la Waitalia, waliokuwa wakiita hivyo wavu wa mbao wa dirishani: aliye ndani anaiona njia nzima, aliye njiani hamwoni. Inaelezwa kwamba ni wivu wa mume asiyetaka mkewe atazamwe. Aliyewahi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe akahisi macho nyuma ya vibao vya ghorofani ataelewa upesi.

Wapolandi walichukua dirisha, wivu wakauacha hukohuko Ufaransa, maana walikuwa na neno lao, zazdrość. Leo żaluzja ni pia vile vibao vya kuzuia baridi mbele ya rejeta ya lori, na vile vya ndani ya kinanda kikubwa cha kanisani ambavyo mpigaji huvifungua kwa mguu ili sauti ipande. Ila kilichonipendeza kuliko vyote nilikiona jikoni kwa mama yule: kipazia kifupi cha kufunika nusu ya chini ya dirisha. Kinaitwa zazdrostka, kutokana na zazdrość. Wivu umerudi dirishani, mara hii kwa neno la kwao wenyewe.

Sasa lugha hiyo imechafuka wapi? Hata safari yetu wanayo, ingawa kwao ni kwenda kutazama wanyama. Basi la kwenda kumwona bibi Singida halimo.

Ombi langu naliweka mbele ya watunga kamusi. Kutaja tu lugha neno lilikotoka hakutoshi. Tuambiwe lilikuwa na maana gani kwa wenyewe, tulichukua ipi na ipi tuliiacha. Mtoto wa darasa la saba akijua kwamba hotuba ya mkuu wa wilaya na khutba ya Ijumaa ni neno moja la Kiarabu lililoingia kwetu kwa milango miwili, ataifungua kamusi bila kutumwa na mwalimu.

Msomaji wenu,
Morogoro