Ile tyubu ya maji

Dada Rehema,

Habari za siku nyingi? Kimya changu tangu Pasaka nitakiombea radhi tukionana. Leo nakuandikia kwa sababu tyubu yetu ya maji matupu, ile tunayoipima pamoja na sampuli ili kuona kama kuna uchafu, imetoa virusi.

Zile sampuli sita za wengu (bandama) za nguruwe alizozileta Mzee Mushi kwenye boksi la barafu zilikuwa zimethibitishwa kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika, na kilichobaki kilikuwa kusoma herufi 478 za DNA za mwisho wa jeni ya p72 ya virusi hivyo ili tujue jenotaipu, yaani aina yake. Zote zilitoka II, tena zikafanana herufi kwa herufi na kidhibiti chanya, yaani ile DNA ya virusi inayojulikana tunayoipima kila siku kuhakikisha kipimo kinafanya kazi. Alama za ubora zilipita Q30, yaani kosa moja katika herufi 1,000, na mkuu wangu akataka ripoti itoke siku ileile. Kumbe kwenye jeli, ambapo DNA huonekana kama mistari, tyubu ya maji ilikuwa na mstari hafifu ambao kijana wetu aliudhania kivuli. Nikaipeleka nayo ikasomwe: II.

Q30 hutuhakikishia kwamba herufi zimesomwa sawasawa, lakini haituambii zimetoka kwa nguruwe yupi. Ripoti ile ingemtia matatani mfanyabiashara anayeleta nguruwe kutoka Mbeya, na huenda hana kosa lolote.

Nadhani chanzo ni meza. Tangu chumba cha pili kianze kuvuja, tunachanganya vitendanishi palepale tunapofungulia bidhaa za PCR (DNA iliyokwisha kuzidishwa), kwa pipeti zilezile (usicheke, najua ungenifokea). Nimefuta kila kitu kwa jiki, nimetupa praima (vipande vya DNA vya kuanzishia PCR) na maji ya zamani, na maji mapya yametoka safi. Hata hivyo siiamini tena DNA tuliyoitoa mwanzo, kwani uchafu ungeweza kuingia hata hatua hiyo. Lazima turudi kwenye wengu wenyewe.

Naomba basi unipokelee vipande vya wengu hizo, vikiwa na namba tu, pamoja na wengu mmoja wa nguruwe asiye na ugonjwa nitakaouficha katikati bila kukuambia ni upi. Kibali cha kuvisafirisha nitakifuatilia mwenyewe.

Je, mashine yenu ya kusomea herufi imeshatengenezwa? Kidhibiti chanya chenu ni jenotaipu ipi, maana nikipata kisicho II, uchafu wake hautafanana na sampuli, nami nitalala? Na wewe ungemwambiaje mkuu ambaye ameshaahidi ripoti kwa simu?

Wako,
Anna