Kabla hujachukua magadi kuondoa silikoni kichwani

Wiki iliyopita dada mmoja aliingia saluni kwetu hapa Busia, Uganda, na chupa ya seramu ya nywele aliyoinunua kwetu mwezi uliotangulia. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Aliigeuza ile chupa, akaweka ukucha juu ya neno la pili kwenye orodha ya viambato, akasema wateja wote wakisikia: "Mama, mliniuzia plastiki nijipake kichwani." Neno lenyewe lilikuwa dimethicone. Huyu ni wa nne mwaka huu kuja na shtaka hilohilo, na wawili walidai warudishiwe pesa. Naandika kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja mikono ikiwa ndani ya beseni.

Dimethikoni ni silikoni. Hutengenezwa kiwandani kutokana na silika, ile iliyomo kwenye mchanga. Molekuli zake ni kubwa, hazipenyi ngozini kirahisi. Hukaa juu ya unywele, zikaufunika ukateleza, kitana kikapita bila kukwama. Ndugu yake simethikoni ndiye aliyemo katika matone anayopewa mtoto mchanga tumbo likijaa gesi, na akina mama wengi mnaosoma hapa mmeshayanunua duka la dawa. Dimethikoni yenyewe hutumika hata kuua chawa, kwa kuwafunika tu. Kwa hiyo sikumuuzia yule dada sumu, na sitakubali kuambiwa hivyo mbele ya watu.

Kinachosumbua ni mrundikano. Ukipaka seramu asubuhi na jioni, juu yake mafuta, juu yake jeli ya kulaza kingo, halafu ukakaa wiki sita na rasta bila kuosha, tabaka linapanda juu ya tabaka. Maji hayaingii. Nywele zinang'aa kwa juu, ndani zimekauka. Hapo ndipo watu wanaposema silikoni imewaharibu, na hapo ndipo wanapokimbilia njia ya mkato.

Njia yenyewe ni sabuni ya kipande, au ile ya kuoshea vyombo, pamoja na magadi. Mwezi wa tatu nililetewa binti aliyefanya hivyo Jumamosi mbili mfululizo. Alikuwa na nywele za dawa, amepiga retachi, yaani amerudia dawa kwenye nywele zilizoota, wiki tatu tu kabla. Nilipofungua kitambaa na kupitisha vidole, nywele zilibaki mkononi mwangu, zimekatika palepale nywele mpya zinazoota zinapokutana na zile za dawa. Ngozi ya kichwa hupenda pH ya karibu 5. Sabuni ya kipande hufika 9 au 10, na magadi nayo ni hukohuko. Unywele uliolainishwa kwa dawa umeshadhoofika. Ukiumwagia vitu hivyo unavimba, magamba yake yanafunguka, ukivutwa kidogo unakatika. Tulikata karibu zote. Mama yake aliniuliza kama kuna dawa ya kuzirudisha usiku huohuo, nikamwambia hakuna. Tangu hapo amenunua wigi mbili, na bei ya moja tu ingemlipia kuoshwa kwetu miezi kadhaa.

Sasa nije kwenye bei, maana najua mnanong'ona. Kuosha kawaida ni shilingi 10,000, na kuosha kwa kina ni 30,000. Tofauti hiyo si wizi. Kwa kina tunaosha mara mbili kwa shampuu ya kusafisha, tunasuuza hadi maji yatoke meupe kabisa, tunaweka kondishena, kisha unakaa chini ya stimu dakika 20. Shampuu hiyo tunainunua halisi, na bomba likikauka tunanunua maji kwa jerikeni. Msusi wangu anakaa na kichwa chako saa nzima na nusu. Tena hauhitaji kila wiki: mara moja kwa mwezi inatosha, na kama lebo ya seramu yako ina herufi PEG kabla ya neno dimethicone, hiyo huyeyuka katika maji na shampuu ya kawaida huiondoa. Nikiona hivyo nakuambia ubaki na 20,000 zako.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nimelibadilisha. Zile silikoni nyepesi, hasa cyclopentasiloxane ambayo huitwa pia D5, hurukia hewani, na joto huziongezea kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2023 hewa ya chumba ambamo watu walikuwa wakipasi nywele zilizopakwa bidhaa hizo, wakakuta mvuke wake umejaa humo. Umoja wa Ulaya tangu 2020 hauruhusu D5 wala ndugu yake D4 kuzidi asilimia 0.1 katika bidhaa za kupaka kisha kusuuza, kwa sababu hazivunjiki upesi zikifika majini, na D4 imeorodheshwa huko kuwa inashukiwa kudhuru uzazi. Basi kwetu madirisha yanafunguliwa kabla pasi haijawashwa, feni inaelekea nje, na hatupitishi pasi juu ya seramu mbichi. Ukiona moshi kwenye pasi, mwambie anayekuhudumia asimame, hata kama ni mimi.

Chupa nayo iangalieni. Zile za kupimiwa sokoni, zisizo na lebo au zenye lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, sizitumii hata mteja akija nazo mwenyewe na kuniambia nimwekee kwa bei nafuu. Hakuna anayejua kilichomo. Ikiwa imetengenezwa hapa Uganda, tafuteni alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Yule dada hatimaye aliketi. Nilichukua kishungi kimoja nyuma ya sikio, nikadondoshea tone la maji. Liliteleza kama juu ya jani la mgomba, likaanguka begani. Nikakiosha kishungi hicho bure, mara mbili, nikakikausha, nikadondoshea tena. Tone lilikaa kidogo, likazama. Akaniuliza seramu aitupe? Nikamwambia abaki nayo, apake tone moja kiganjani, kwenye ncha tu, na Jumamosi aje tumalizie kichwa kilichobaki.