Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu hapa Moshi: mwalimu wetu tumkumbuke kwa kihamba, lile shamba la Kichaga la miti, migomba na kahawa, sio kwa mnara wa saruji

Mama Afisa Elimu, shikamoo.

Mimi ni mzazi, mwanangu yuko darasa la 4 kwenye shule hiyo hiyo niliyosoma mimi, na kazi yangu ni kuuza miche, kitalu kiko pembeni ya barabara hapa hapa Moshi. Jina la shule silitaji humu, kwenye barua tuliyoleta ofisini kwako lipo.

Mwalimu wetu wa sayansi alifariki mwaka jana. Wazazi na wanafunzi wa zamani tukachanga, hela ikapatikana, na kwenye kikao wengi wakasema tujenge mnara mdogo pale getini, marumaru, jina lake kwa rangi ya dhahabu. Nia ni nzuri kabisa. Ila mimi nikasimama nikasema yule mwalimu maisha yake yote alikuwa anatutoa nje, sasa iweje tumkumbuke kwa kitu ambacho mtoto anakipita tu akikimbilia kengele?

Nikiwa la 5 alitupeleka nyuma ya madarasa kwenye migomba, kulikuwa na chipukizi kubwa linapunguzwa, akalikata katikati kwa panga akasema shikeni. Ndani vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, vimejaa maji, yanachuruzika mpaka kwenye miguu yetu. Akauliza huu ni mti? Tukaitika ndiyooo. Basi akaanza kubandua ganda moja baada ya jingine kama kitunguu, anabandua tu, mpaka katikati kabisa tukakuta jani changa limejiviringa kama karatasi, akauliza haya shina liko wapi sasa? Kumbe lile gogo lote ni maganda ya chini ya majani yamekumbatiana na shina lenyewe liko chini ardhini. Nimeshavuka miaka 40 mama, mambo mengi ya darasani yameshapotea, hilo halijapotea.

Kwahiyo tunachoomba ni kile kipande cha nyuma ya jiko la shule, sahivi kimekaa tu vumbi, tukifanye kihamba kidogo cha kumkumbuka. Namaanisha kihamba chenyewe, juu mringaringa na mruka vya kutoa kivuli, chini yake migomba, kahawa michache, chini kabisa magimbi, mnafu, mchicha. Wazee wetu huku mlimani waliupanga huo mfumo ghorofa kwa ghorofa, hata FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waliuingiza ule wa kijiji cha Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, ila watoto wetu wa huku mjini, Pasua na Njoro, wengi wanakiona kihamba Desemba tu wakipanda kwa bibi. Mwalimu hakuwa hata Mchaga, alitokea Singida, lakini majina ya miti ya huku alikuwa anayajua kuliko sisi.

Sasa mama, kuna mambo bila sahihi yako hayatawezekana.

La kwanza na ndo kubwa, mtoto yeyote asipelekwe pale kwa adhabu. Naongea hili kwa uchungu. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kazi akiwa anasoma, lakini sisi tulipofika shuleni shamba lilishakuwa sehemu ya kuteswa, umechelewa shule mwagilia ndoo 3, umepiga kelele kang'oe magugu, umefeli jaribio beba samadi. Wenzangu wengi mpaka leo ukiwaambia habari ya jembe wanakunja uso, na siwalaumu, jembe walilijua pamoja na fimbo. Mwalimu yule peke yake ndo alikuwa hatumi mtu bustanini kwa kosa, alikuwa anasema ukitaka mtoto achukie kitu kifanye kiboko. Tunaomba iandikwe, na walimu wajue imeandikwa.

Pili ratiba. Iwepo vipindi vya kwenda nje vinavyojulikana, sio mpaka mwalimu ajisikie. Hisabati ipo pale, paa la mita za mraba 100 mvua ikinyesha milimita 10 tu linashusha lita 1,000, mtoto akipiga hiyo hesabu huku anaona maji yanaingia kwenye tenki hasahau.

Halafu majani. Kila asubuhi watoto wanafagia kiwanja mpaka udongo unabaki uchi, majani yanakusanywa yanachomwa, moshi unaingia madarasani. Najua Moshi tunajivunia usafi na mimi najivunia, ila jani sio uchafu jamani, ile ni mbolea tunaipiga kiberiti. Yaende kwenye mboji, tabaka la majani makavu, la mabichi, samadi kidogo, maji, halafu unachomeka mti mrefu katikati, ukiuchomoa baada ya siku kadhaa ukaukuta wa moto ujue ndani kazi inaendelea. Hicho nacho ni kipindi cha sayansi.

Na maji ya kiangazi. Mwaka fulani nilipeleka miche kwenye shule moja siku ya kupanda miti, wageni wakaja, picha zikapigwa, kila mmoja akashika mche wake. Mwezi wa 8 nikapita pale, imekauka yote, nikang'oa mmoja kuangalia, kiriba cheusi cha nailoni bado kimeng'ang'ania mizizi, waliupanda nao. Niliumia sana. Kwetu likizo ya mwezi wa 6 wazazi 12 wameshajiandikisha zamu, na maji ya vibuyu chirizi watoto wanaponawa tutayachimbia mfereji yaende kwenye migomba, kama mifongo, ile mifereji ya wazee wetu ya kuleta maji mashambani. Tunachokosa ni ruhusa ya kufunga tenki kwenye paa la jiko.

Jina lake tutaliandika kwenye ubao wa mbao, dogo tu. Mpaka wote utakuwa wa masale, ule mmea ambao huku Uchagani tunaupanda mipakani na makaburini. Kaburi la babu yangu halina marumaru, lina masale, na kila mtu pale nyumbani mpaka watoto wadogo anajua nani amelala pale.

Mashimo tunataka tuchimbe mwezi wa 9 tuweke samadi ipoe, ili vuli ikianza mwezi wa 10 miche iingie. Migomba, mringaringa na kahawa natoa mimi bure, nimeshaitenga upande wa kivuli pale kitaluni. Ukipata nafasi mama karibu uione.

Mzazi na muuza miche,
Moshi